Msimamizi wa Anna

Jua lilikuwa linazama Msalato, Raheli akaenda kuchukua kadi. Kadi tu. Nesi Ikram wa zahanati alishaiulizia mara mbili, maana mgonjwa akifa kadi hurudishwa. Nyumba ya kaka yake, Lameck, haikuwa na mtu. Lameck alikuwa lindoni Mtumba, na Anna, mke wa Lameck, alikuwa na siku thelathini na tisa kaburini.

Na Raheli alijua nani kampeleka huko.

Jamani, ujuaji huu! Anna alipoanza dawa za kifua kikuu sugu, aliambiwa achague msimamizi, mtu wa kumwona akimeza kila siku na kuweka alama ya vema kwenye kadi. Akamchagua wifi yake, Raheli. Mwezi wa tatu wa dawa uso wa Anna ukaanza kugeuka, mweusi wa kuiva kama zambarau, na machozi yakamtoka mekundu. Nesi alishasema siku ya kwanza, "Rangi itabadilika, msiogope, dawa zikiisha itarudi." Lakini siku ile msimamizi mwenyewe alikuwa nje ya zahanati anapiga soga. Yeye aliona msukule tu. Mtu anatiwa giza kidogo kidogo, kesho achukuliwe! Akaona anamwokoa. Vidonge vyekundu akatupa chooni, akampa Anna vyeupe vya maumivu ya kichwa.

"Wifi, ndivyo vyenyewe?" Anna alinong'ona.

"Wamebadilisha. Meza tu, wifi."

Akameza. Alimwamini. Na kila jioni Raheli aliweka vema kwenye kadi.

Sasa mlango ulikuwa umeegeshwa. Kadi ilikuwa mezani, na kando yake bilauri ya maji. Raheli akaigusa.

Maji yalikuwa ya baridi, kama yametoka mtungini sasa hivi.

Kho... kho...

Chumbani.

"Lameck?"

Sauti ikaja, karibu na sikio lake...

"Meza tu, wifi."

Alitoka mbio, miiba ya uani ikamchana mikono. Alipofika kwake alikuwa na kadi kifuani, na uchungu wa kidonge mdomoni. Hakukumbuka kumeza kitu.

Kulipokucha akaenda zahanati. Safari hii atasema yote, liwalo na liwe.

"Shikamoo, mama," nesi Ikram alimpokea.

"Marahaba, mwanangu."

Nesi akaifungua kadi, akakunja uso. "Anna amefariki mwezi uliopita. Hizi vema za baadaye, mpaka ya jana jioni, nani kaweka?"

Raheli akatazama. Mwandiko haukuwa wake.

"Nilizitupa," akasema, na kilio kikampasuka. "Dawa zake nilizitupa mimi. Nimemuua wifi yangu, mwanangu, nimemuua!"

Nesi alikuwa anaitazama khanga ya Raheli. Machozi yalikuwa yameidondokea, mekundu.

Akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Majirani walikuwa wakisema jua la Dodoma limemuunguza siku hizi, na Raheli alikubali.

"Mama... wewe umeanza lini dawa hizi?"

"Mimi? Sijaanza."

"Rangi hii haiji bila kumeza." Nesi akashusha sauti. "Nani anakusimamia?"

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, mtu akakohoa.