Niliandikisha Jina la Baba Peke Yangu

Nina miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kondoa, na sasa naishi Ipagala hapa Dodoma mjini. Haya ninayowasimulia sikuyasikia kwa jirani, ni yangu mwenyewe. Msinionee huruma mapema... subirini kwanza mfike mwisho.

Marehemu baba yetu, Mzee Idi, alikuwa mrina asali. Kwetu kote walimjua kwa asali safi. Alipofariki, mizinga ilibaki kwa mdogo wangu Rajabu, ambaye tumechangia baba, mama tofauti. Yeye ndiye aliyepanda miti na kuumwa na nyuki. Mimi niliuza mjini asali aliyonitumia, hasa kwa watumishi wa serikali. Tulielewana vizuri sana.

Mwaka juzi nikataka tovuti. Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta Makole, akaniambia nichague jina fupi, lisilosahaulika. Sikufikiri mara mbili: Asali ya Mzee Idi. Akaniuliza kama kuna mwingine katika familia mwenye haki na jina hilo. Akanishauri pia nilipie miisho yote miwili, ule wa co.tz na ule wa com, mwingine asije akachukua mmoja. Nikamcheka, nikalipia mmoja tu. Huko Kondoa nani ana habari na mambo ya tovuti?

Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu uliota.

Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka picha yangu, nimesimama mbele ya mizinga ya Rajabu. Chini yake nikaandika kwamba mimi ndiye mrithi pekee wa kazi ya baba. Pekee! Rajabu sikumtaja hata kwa bahati mbaya.

Alionyeshwa kwenye simu, harusini, mbele ya watu. Akanipigia. Hakufoka, aliniuliza tu, "Dada, kwani mzee alizaa mmoja?" Ningeomba radhi siku ile, yangeisha. Badala yake nikamwambia jina nimeandikisha mimi, kwa hiyo ni langu.

Akaacha kunitumia asali. Mimi nami, kwa hasira, nikanunua kwa wachuuzi. Nilipoionja nilijua kabisa imechanganywa na maji ya sukari... nikaijaza kwenye chupa zenye jina la baba, nikauza. Nilikuwa na roho gani mimi?

Miezi michache baadaye Rajabu akachukua jina lilelile, kwa ule mwisho niliouacha. Akaweka picha ya baba akiwa na mizinga yake. Nilipandwa na wazimu. Nikatangaza kwenye tovuti yangu kwamba ile nyingine ni ya tapeli. Ndugu yangu wa damu, nikamwita tapeli mbele ya dunia!

Siku moja akaja mzee mmoja mstaafu, mteja wa baba tangu sijaolewa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka chupa yangu mezani. "Mwanangu," akasema, "hii baba yako asingeiuza." Akaondoka zake. Wengine hawakuja hata kusema. Nilikuja kusikia kwamba huko maofisini wanasema Mzee Idi naye alikuwa mdanganyifu tu. Baba yangu, yuko kaburini, anatukanwa kwa sababu yangu... Nililia mpaka sauti ikakauka.

Nikafunga safari hadi Kondoa. Nilimpigia magoti Rajabu uani kwake, nikamwambia tovuti nimeifunga na jina namwachia lote.

"Baki nalo, dada," akasema. "Mzee alikuwa baba yako pia. Ungeniambia tu tuliandikishe wote, asali ningekuletea mpaka nife."

Akaingia ndani. Aliyenisindikiza hadi stendi ni mkewe.

Wasomaji wenzangu, mkitafuta jina la biashara, msiishie kuuliza kama ni fupi, au kama halijachukuliwa. Ulizeni ni la nani mwingine, kisha nendeni mkamwombe kabla hamjamwona fundi. Msifuate njia yangu, nawasihi. Jina ninalo hadi leo. Rajabu hapokei simu zangu.