Waya Juu ya Yadi ya Shaba

Jumapili, saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha baa iliyokufa, Youngstown.

Zoli Bereczky alichora kwa chaki juu ya meza ya biliadi. Uzio. Kontena. Mstari mmoja kwenda juu.

"Hii droni ya ulinzi haishuki kuchaji. Inanyonya umeme kutoka kwenye boksi chini, kwa waya mwembamba kama kamba ya kiatu."

"Mwembamba hivyo unabeba nini? Mbu?" Marvell alicheka peke yake.

"Volti mia nane, mjinga wewe. Volti zikipanda, waya hauhitaji unene. Ukiwa mnene, mzito, droni hainyanyuki. Sasa, nikizima swichi ya umeme kwenye nguzo ya nje, inashuka yenyewe kwa kibetri cha akiba. Yadi inabaki kipofu. Mnapakia. Waya msiuguse."

"Jenereta je?" Dorsey Pettway aliuliza.

"Hamna."

Dorsey akamtazama mdogo wake Marvell. Alimwahidi mama yao jambo moja: atamrudisha mzima.

Baba yao alivuta nyaya kiwandani pale mpaka mgongo ukapinda. Mabwana wakafunga kiwanda, wakameza pensheni, leo wanarundika shaba humo humo na wamenunua jicho la kuilinda. Halafu mwizi ni Pettway. Dorsey aliyajua yote hayo. Zamani yalimchoma. Siku hizi hayamfanyi kitu.

Saa nne kasorobo. Mvua.

Zoli alizima swichi, akarudi kwenye usukani wa lori. Droni ikashuka taratibu. Waya ukalegea, ukalala matopeni. Ndugu wawili wakakata uzio, wakaviringisha roda kubwa za waya wa shaba hadi lorini. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Marvell akasimama juu ya ule waya.

Muuza skrepa kama yeye hapiti waya bila kuukwaruza. Lazima aone kama ndani ni nyekundu au nyeupe, shaba au alumini. Mkono unaenda wenyewe. Akatoa kisu, akaushika waya.

"Acha, dogo."

"Nachungulia tu, braza."

Nyuma ya kontena kitu kikakohoa, kikanguruma. Jenereta.

Marvell hakupiga kelele. Alikakamaa tu, meno yamefungana. Dorsey akanyakua ubao mkavu chini ya turubai, akamsukuma nao mpaka akabanduka kwenye waya. Akaanguka chali. Hapumui.

"Ulijua ipo," Dorsey alisema.

"Ningesema, mngekuja?" Zoli hakushuka. "Panda. Huyo keshakwenda."

"Nisaidie kumbeba."

"Nina roda tatu, mzee. Inanitosha."

Lori likaondoka na mlango wa nyuma ukipigapiga.

Saa nne na dakika chache. Dorsey alipiga magoti, akaweka viganja juu ya kifua cha mdogo wake, akaanza kusukuma. Hakulia. Alihesabu kimoyomoyo, akapotea, akaanza upya. Chini ya viganja kitu kilitikisika kidogo, au ni mvua.

Gari la polisi likafunga breki langoni. Milango miwili ikafunguliwa.

"Mikono juu."

Weusi wa mji ule hufundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa kusoma: ukiambiwa inua, inua. Lakini mikono ya Dorsey ilikuwa na kazi.

"Mikono juu nimesema. Sirudii."

"Huyu ni mdogo wangu," Dorsey alisema bila kuinua kichwa. "Ita ambulensi."

Akasukuma. Nyuma yake bastola ikakokiwa. Akasukuma tena.