Ganda la Kiatu cha Bi Ersilia

Kila siku alipotoka shule, Nives alikula tambi zake, akanawa mikono mara mbili, kisha akashuka karakanani. Kunawa mara mbili kulikuwa amri ya bibi yake, kwa sababu ngozi nyeupe ya ndama hushika alama ya kidole kama theluji inavyoshika unyayo wa paka.

Bibi yake, Bi Ersilia Vagnozzi, alikuwa mbunifu wa viatu. Mji wao, Roccapiana, umekaa juu ya kilima, na nusu ya watu wake hushona viatu huku nusu ya pili ikivisema. Viatu vya Bi Ersilia vilivaliwa Roma na Paris na mabibi ambao hawakujua Roccapiana iko upande gani wa dunia. Naye hakujali. "Wajue njia ya dukani, yatosha," alisema.

Kazi yake ilianzia kwenye mguu wa mti, kalibu iliyochongwa kwa umbo la mguu wa mtu. Aliuvika karatasi ya gundi mwili mzima, akachora kiatu juu yake kwa penseli. Kisha alipasua karatasi katikati kwa kisu, akaibandua polepole kama mtu amenyaye yai. Ganda lile likilazwa mezani, ndipo vipande vya ngozi hupimwa. Mwenye ganda ana kiatu chote. Kwa hiyo kila jioni Nives alitia mabaki ya karatasi na maganda yaliyokwisha kazi ndani ya jiko, akangoja mpaka yawe majivu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini ni lazima yachomwe. Kisa kilijulikana mji mzima. Ersilia alianza kazi ana miaka tisa, akinyoosha misumari iliyopinda katika karakana ya tajiri mmoja. Akiwa na kumi na minne akawa mshonaji. Akiwa na kumi na tisa alichora kisigino chembamba chenye kiuno. Tajiri alikitazama, akacheka, "Hiki nini, mguu wa kuku?" Mwaka uliofuata mguu wa kuku uliuzwa Roma kwa jina la tajiri. Tangu hapo Bi Ersilia alivaa funguo zake shingoni, hata kanisani, na alipokutana na mtu alimtazama mikono kabla ya uso.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mkataji wake wa ngozi, Mzee Quinto, alirudi kutoka maonyesho ya viatu ya Milano. Aliingia karakanani na kofia kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bi Ersilia, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Kile kiatu chetu kipya, chenye kamba inayopita chini ya kifundo, nimekiona Milano. Kipo kwenye kibanda cha washindani wetu, wale wa kiwanda cha viatu cha mtoni."

"Umeona kinachofanana."

"Mama, nilikikata kwa mkono huu. Ni kile kile."

Bi Ersilia alishika funguo zake. Kiatu kile alikuwa amekichora mwezi wa kumi na moja. Kilikuwa hakijaonyeshwa kwa mteja hata mmoja. Walikigusa watu watatu tu: yeye mwenyewe, Quinto, na Delfina, mwanamke aliyeshona sampuli jikoni kwake kwa mashine ya karakana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Ersilia alisema.

Siku zile karakana iligeuka. Wafanyakazi walinong'ona, mtu akiingia wakanyamaza. Dirisha lilifungwa ingawa gundi ilikuwa ikiwalevya. Nives naye akajipa kazi ya upelelezi. Aliona kwamba Delfina akileta kazi hakai, hanywi kahawa, na kapu lake halikosi kitambaa. Mtu asiye na neno afunike kapu kwa nini?

Alhamisi alimfuata. Delfina aliteremka kilima, akapita daraja, akazunguka nyuma ya kiwanda cha mtoni. Akagonga mlango mdogo. Mwanamume akachukua kapu, akamrudishia likiwa tupu, akamtia bahasha mkononi. Delfina akatazama kushoto na kulia, akaondoka mbio mbio.

Nives alipanda kilima bila kupumzika. "Bibi! Nimemwona! Anawapelekea mali yetu kwa mlango wa nyuma!"

"Umeiona mali yenyewe?"

"Ilikuwa ndani ya kapu, Bibi. Na walimlipa."

Ijumaa asubuhi Delfina alipoleta kazi, Bi Ersilia alimngoja uani, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama mlangoni.

"Fungua kapu."

Delfina alitazama nyuso moja moja, kisha akavuta kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vya ngozi alivyoshona na, kando yake, bakuli la zeituni zilizojazwa nyama.

"Hizi za nani?"

"Za wapishi wa kiwanda cha mtoni. Nawauzia. Mume wangu yuko Ubelgiji ndani ya machimbo ya makaa, na bahasha zake siku hizi zina salamu tu. Nimeficha kwa sababu wewe hutaki mshonaji wako akanyage mlango wa kiwanda kingine."

"Zeituni juu. Chini je?"

"Chini kitambaa."

"Na chini ya kitambaa?"

"Chini ya kitambaa kapu, mama yangu. Na chini ya kapu ni ardhi ya Mungu. Ipekue nayo!"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Bi Ersilia hakucheka. "Mwizi hodari haendi mikono mitupu, huchukua kisingizio. Kesho Quinto atakuja kuchukua mashine."

Kila mtu alijua maana yake. Mashine ya mshonaji ikipita barabarani juu ya mkokoteni, hakuna karakana Roccapiana itakayompa kazi tena. Nives alijiona shujaa. Usiku alilala vizuri.

Jumamosi, katika somo la kuchora, Tosca aliyekaa naye dawati moja alitoa daftari lake la zamani, lililokaa nyumbani tangu mwaka jana. Jalada lilikuwa tupu, na alama za gundi kavu.

"Ganda langu liko wapi?" Nives aliuliza.

"Langu, sema. Nilikupa penseli kumi na mbili za rangi."

"Haya, lako. Liko wapi?"

"Lilikaa siku mbili tu. Baba alilibandua. Akasema, 'Binti yangu, hili ni zuri mno kufunikia daftari.' Akanipa karatasi ya maua, mbaya kweli kweli, nikaing'oa."

Nives alikumbuka. Mwezi wa kumi na moja ganda moja lilitoka na mkunjo, bibi akalitupa akachora jingine. Mistari yake ilipendeza mno. Badala ya kulitia motoni alilibana ndani ya daftari lake, na kesho yake akambadilishia Tosca kwa zile penseli, naye Tosca akafunikia daftari. Baba yake Tosca hukata vielelezo vya viatu katika kiwanda cha mtoni. Nives alilijua hilo siku zote, kama unavyojua rangi ya mlango wa jirani.

Angeweza kunyamaza. Ganda halikuwapo tena, na Tosca hakuelewa kitu. Kengele ilipolia bado alikuwa akijiambia kwamba Delfina angepata kazi kwingine. Lakini alipotoka nje alimwona Mzee Quinto akisukuma mkokoteni kupanda mtaa wa akina Delfina, na wanawake wakifungua madirisha kutazama. Akaanza kukimbia.

Jikoni kwa Delfina, Quinto alikuwa amepiga magoti akilegeza skrubu. Bi Ersilia alisimama mlangoni. Majirani walijaa ngazini. Delfina hakulia. Alikuwa akiipangusa mashine kwa kitambaa, ili iondoke ikiwa safi.

"Bibi, acha! Ni mimi."

"Wewe nini? Rudi nyumbani ukale."

"Ganda lenye mkunjo sikulichoma. Nilimpa Tosca. Baba yake akalichukua." Akasema yote, pamoja na penseli na kunyamaza kwake darasani.

Mzee Quinto akauliza, "Sasa, skrubu nizirudishe au niendelee?"

"Zirudishe," alisema Bi Ersilia. Akavuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Nives, sogea. Ulifanya makosa mawili. Kutochoma ganda ni kosa, na utanifanyia kazi ya kulilipia. Lakini kiatu nitachora kingine. Wao wana kiatu kimoja, mimi nina kichwa. Kosa la pili ndilo kubwa. Uliona kapu, ukaja kuniambia umeona wizi. Hukuniletea ulichokiona, uliniletea ulichokidhania. Nami, mtu mzima, nikakipokea kwa mikono miwili, kwa sababu niliibiwa nikiwa msichana na sijaacha kumtafuta mwizi yule. Shaka ni kama kisu cha mkataji. Kina kazi yake. Lakini ukikata kabla ya kupima, ngozi hairudi. Na aliyejua ukweli akanyamaza, hata kwa nusu siku, amekishika kisu hicho."

Kisha akamgeukia Delfina. "Nimekukosea, binti yangu. Nisamehe."

"Mashine imerudi, asante," alisema Delfina. "Na jina langu? Lilitoka mlangoni tangu jana. Nani atakwenda kulirudisha?"

Bi Ersilia alifikiri kidogo, akainuka. "Njoo, Nives."

Walikuwapo washonaji wengine saba mjini waliofanya kazi majumbani mwao, na habari ya Delfina ilikuwa imefika kwa wote. Bibi na mjukuu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakapanda ngazi, wakashuka. Kila mlangoni Bi Ersilia alisema maneno yale yale: Delfina hakuiba, mimi nilimsingizia. Wengine walisema, "Tulijua." Mmoja alikuwa akisukuma unga wa tambi, akawasikiliza bila kuwakaribisha. Nives alitazama viatu vyake muda wote.

Mlango wa saba ulikuwa juu kabisa, karibu na kengele ya kanisa. Bi Ersilia alisimama ngazi moja chini, akitweta, akashika ukuta.

"Gonga," alisema. "Huu ni wako."

Mlango ulifunguliwa. Nives aliinua uso, akamtazama mwanamke yule machoni, akaanza kusema.