Mikono ya Don Eusebio

Siku ya kwanza Kemunto kumwona Efraín, alidhani anataka chipsi zake. Duka kubwa la Bloomington, huko ughaibuni, lilikuwa limefurika watu wa Jumamosi, naye kakaa na yunifomu yake ya kuhudumia wazee, mdomo umejaa. Kijana wa koti jeusi la ngozi akampita akisema, "Provecho."

"Sikupi!"

Kijana akacheka. "Nimekutakia mlo mwema tu. Sisi watu wa Mexico hatumpiti mtu anayekula bila neno."

Basi wakapendana, wakapendana kweli. Mwezi Machi Efraín akampeleka kwao Saint Paul.

"Mpenzi, usipunge mkono mlangoni. Salimia mmoja mmoja, busu la shavu. Usimruke mtu."

"Nimesikia, bwana mwalimu."

Akaingia na gauni lake la kijani, akabusu shangazi, akabusu mabinamu. Kisha don Eusebio, yaani mzee Eusebio, babake Efraín, akasimama na kufungua mikono. Kemunto akarudi nyuma, macho chini. Mzee akashusha mikono, akakaa.

Garini Efraín alifoka. "Baba yangu ananuka?"

"Nimemheshimu! Sisi Wakisii baba mkwe haguswi, hata mkono hapewi."

"Si nilikuambia desturi yetu?"

"Uliniambia. Mwili ulikataa."

Efraín hakumsadiki. Alimshusha kituo cha treni, na simu zikakoma. Kemunto aliumia, lakini kazi haingoji machozi.

Oktoba simu ikalia.

"Kemu, ni baba. Kansa ya ini. Madaktari wanasema ni siku tu. Anakuulizia."

"Nakuja, mpenzi. Nakuja sasa hivi."

Njia nzima aliapa kwamba leo atambusu, mila na imsamehe. Lakini don Eusebio alipomwona tu, akaingiza mikono chini ya shuka na kugeukia ukuta.

"Bado ananichukia," Kemunto akanong'ona.

"Hapana." Efraín alikuwa akilia. "Nilimweleza desturi yenu. Anakuheshimu."

Kemunto akainama, akalibusu lile shavu lililokonda. Chini ya shuka mikono ikahangaika kutoka, nguvu zikakataa. Akaifunua mwenyewe, akaiweka shingoni mwake, mmoja kisha wa pili, akaishikilia isianguke.

"Binti," mzee akasema kwa Kihispania.

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi. Efraín hakuweza kutazama, kwa hiyo Kemunto ndiye aliyemkunjia mikono kifuani.