Samaki Weupe wa Sari ya Jayanti

Nyumbani kwetu mlio wa kitanda cha kufumia huanza kabla chai haijachemka. Mimi hufunga nyuzi mafundo. Mume wangu, Kirtan, huzitia rangi. Palipofungwa rangi haipiti, panabaki peupe. Tukifuma, weupe huo unakuwa samaki.

Mvua zikiisha, mdogo wangu Jayanti alikuwa aolewe. Sari yake ya harusi ilikuwa juu yetu, nyekundu yenye samaki weupe. Lakini mimi nilikuwa na hofu. Mwaka uliopita tulimfumia wifi yangu sari. Alipoifua bwawani, rangi ilichuja, samaki wakawa wekundu. Wakwe zake walicheka, "Jamani, samaki wa kwenu wamechinjwa?" Wifi alilia sana. Na Jayanti naye aaibike hivyo? Hapana!

Siku niliyotaka kuanza kufunga mafundo, jirani yetu Shangazi Pramila aliingia kuomba tambuu, jani la kutafuna. Mama huyu amezeekea kwenye kazi ya rangi. Alidondosha maji juu ya uzi wangu. Maji yakateleza, yakaanguka chini.

"Uzi huu mmeuchemsha?" aliuliza.

"Tumeuloweka tu," alijibu Kirtan.

"Loh! Pamba mbichi ina mafuta yake. Maji hayaingii, rangi itaingiaje? Uchemsheni kwa magadi na sabuni. Kisha wewe, Kirtan, uuloweke, uukanyage kwa miguu mpaka unywe maji."

"Niukanyage, Shangazi? Majirani watasema nimerudi utotoni."

"Waache waseme. Kanyaga, baba!"

Kirtan alikanyaga. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulipodondosha maji tena, uzi uliyanywa yote. Basi nikafunga mafundo, Kirtan akatia rangi. Rangi ilipokolea, nikanyoosha mkono kufungua.

"We! Acha!" Shangazi alinishika mkono. "Kwanza osha kwa maji moto na sabuni, mpaka maji yatoke safi. Ukifungua sasa, rangi ambayo haijashika itakimbilia kwenye weupe sari ikifuliwa. Hapo ndipo mlipowachinja samaki wa wifi yako."

Tukaosha, tukamwaga, tukaosha tena. Mwishowe Shangazi alisugua uzi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Haya, sasa fungua," alisema.

Tukaifuma sari, na siku ya harusi ikafika. Mama mkwe wa Jayanti alikuwa amesikia habari za wifi yangu. Alichovya pindo la sari ndani ya maji, akalikamua kwenye leso yake nyeupe. Aliigeuza leso huku na huku. Haikuwa na doa hata moja.

"Samaki hawa wako hai!" akasema, akamkumbatia Jayanti.

Nilimtafuta Shangazi Pramila kati ya wageni. Nikainama, nikagusa miguu yake kwa heshima. Machozi yalinitoka.

"Asante, Shangazi. Umetusitiri."

"Inuka, mwanangu," alisema. "Ile tambuu yangu hujanipa mpaka leo."