Msomaji wa Chumbani

Sauti ya Mwahija ilikuwa chumbani inasoma msahafu. Mwahija mwenyewe alikuwa uani, anapepeta mchele.

Akasimamisha ungo. Mumewe, Fikirini, akatoka bafuni mbio na mswaki mdomoni.

"Mama Zakia, si tulikubaliana?"

"Mimi niko hapa, Baba Zakia."

Wakatazamana. Kule ndani msomaji akavuta pumzi, akaendelea.

Miaka kumi na moja ya ndoa Mwahija hakupitisha siku bila kusoma, iwe njaa, iwe msiba, iwe matusi ya mawifi. Lakini duara la Fikirini, shimo alilokuwa akichimba kule Geita, lilikuwa halitoi kitu ila mawe matupu, na mganga akampa sharti: nyumbani isisomwe Kurani siku arobaini, jini wa dhahabu asije akakimbia. Waligombana wiki nzima. Mwisho Mwahija akachoka. Akaufunga msahafu kwenye kanga, akauweka juu ya kabati. Alijiambia anatafuta amani ya nyumba. Ukweli ni kwamba aliogopa talaka kuliko alivyomwogopa Mola wake.

Hii ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Waliposukuma mlango sauti ikanyamaza. Palikuwa na harufu ya tope la shimoni, na Zakia, binti yao wa miaka saba, amekunja miguu mkekani kama yuko madrasa.

"Umekaa na nani?" Fikirini akanong'ona.

"Na mama. Ananifundisha kila asubuhi." Kisha akamwona Mwahija mlangoni. "Mama, umetokea wapi tena?"

Adhuhuri hiyo aliletwa Ustadhi Ayubu. Akasoma mpaka alasiri, kuta zikitoa jasho na tope likinuka hadi macho yakawasha, na ile sauti ya Mwahija ikasoma pamoja naye aya kwa aya bila kukosea, ila kila penye jina la Mwenyezi Mungu iliruka, kimya kidogo, kama mtu anayevuka mfereji asilowe, ikaruka tena na tena huku Mwahija amejiziba mdomo kwa mikono miwili ahakikishe si yeye, mpaka ikafifia, ikaelekea mlangoni, ikakatika.

"Ametoka, alhamdulillahi," ustadhi akasema, kanzu imelowa chapachapa. "Ila mama, usiache tena kusoma."

Hajaacha. Kila alfajiri anaufungua msahafu. Fikirini hujikunyata pembeni. Zakia hufuatisha kwa sauti nzuri, neno kwa neno, mpaka wafike penye jina la Mola. Hapo hunyamaza, mdomo wazi.

"Sema, mwanangu."

"Nimeshasema, mama."

Mwahija hurudia. Mara kumi, mara ishirini, mpaka sauti imkauke. Kisha humwinamia mtoto, atege sikio karibu kabisa na midomo yake, labda jina linatoka kwa chini.

Halitoki. Kinachotoka ni pumzi ya baridi, inayonuka tope.