Viatu Vilivyobaki Stesheni

"Wifi, niko peku."

"Uko nini?"

"Peku. Nina soksi tu. Viatu vimebaki stesheni, na treni ndiyo hii imeshaondoka na mimi."

Upande wa pili wa simu wifi akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Mwenzangu, umeibiwa viatu ugenini?"

"Nani aniibie? Nimevua mwenyewe."

Na ninyi mnaosoma msicheke haraka, sikilizeni kwanza. Huyu mwanamke alikuwa fundi wa kuosha mazulia, na mtaa mzima ulimwita Mama Mazulia. Mazulia ya sebule za watu, ya maofisi, ya kumbi, yote yalipita mikononi mwake: anayakung'uta, anayasugua kwa brashi, anayaanika. Kwake hakuna aliyekanyaga zulia na viatu, awe mgeni, awe mkwe. Ukijisahau alikukumbusha kwa kauli ileile, kila siku, kwa kila mtu: "Vua viatu. Zulia linaumia."

Sasa treni ya watu ikafika, mlango ukajifungua wenyewe, na ndani zulia la bluu limetandikwa mwanzo mpaka mwisho, safi hata punje ya mchanga hakuna. Mikono ikafanya kazi yake bila kumuuliza. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga pembeni ya benchi, visigino pamoja, ncha zikitazama nje. Akaingia na sanduku lake, ameridhika kabisa. Mlango ukajifunga.

"Na abiria wanasemaje?" wifi akauliza, bado anacheka.

"Mzee mmoja ameniangalia miguu, akaangalia zulia, akafikiri weee, na yeye akavua vyake. Sasa tuko wawili."

"Nitakufa mimi. Umeshamwambia kaka umefika?"

"Nimwambie ili iweje? Nataka kumshtua."

Kicheko cha wifi kikakatika.

"Wifi, si ungempigia kwanza? Mtu huwezi kuingia tu kwa mtu."

"Kwa mtu? Yule ni mume wangu."

"Najua. Nasema labda yuko kazini. Nenda hotelini, pumzika, kesho ndiyo uende."

"Nimepumzika vya kutosha nyumbani. Kitanda kizima changu peke yangu, hata mto hauna mshindani."

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Aliondoka kwenda ng'ambo kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, mkataba ukaongezwa. Ukaongezwa tena. Kila akiulizwa: "Huu ukiisha tu, mke wangu." Hata mtoto walikubaliana wamsubirishe mpaka baba arudi. Alikuja likizo mara moja, akakaa kama mgeni, akaondoka. Mama Mazulia alikuwa amepigwa kalenda mpaka akachoka kuhesabu. Mkataba ulipoongezwa safari hii, hakulia wala hakugomba. Alikata tiketi mbili za kurudi, ya kwake na ya mume. Amekuja kumchukua mumewe, basi.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa wifi:

"Wifi nakuomba usiende leo. Nisikilize mimi tafadhali."

Akatabasamu. Maskini, anaogopa nitapata mafua, akajisemea.

Anwani aliikuta kwenye boksi ambalo mumewe aliwahi kumtumia zawadi. Aliipiga picha, na kila aliyekutana naye alimwonyesha simu, naye akamwonyesha njia huku akikodolea macho soksi. Mama mmoja alisimama kabisa akaanza kumhurumia kwa lugha yake. Mama Mazulia akamwitikia kwa Kiswahili, wakaelewana hivyohivyo, wakapungiana mikono.

Jengo lilikuwa refu. Ghorofa ya sita, ukumbi mrefu, milango yote kijivu, na namba zimeandikwa kwa herufi za kwao. Alikuwa anainua simu aanze kulinganisha, akaona hakuna haja. Nje ya milango yote hakuna kitu. Nje ya mlango mmoja tu kulikuwa na viatu.

Vya mumewe aliviona kwanza, vile vizito vya kazi. Visigino pamoja, ncha zikitazama nje. Akacheka peke yake ukumbini. Mwanamume huyu walipooana alikuwa anapita juu ya zulia na matope, wakagombana mpaka majirani wakaja kusuluhisha. Kumbe darasa lilimwingia.

Kisha akaona vingine. Vya kike, visigino vifupi. Na pembeni yake vidogo, vyekundu, vya kufunga na kifungo.

Aliambiwa mumewe anapanga na mafundi wenzake. Labda mmoja wao kaleta familia, akajiambia. Alijiambia hivyo, akabisha hodi.

Akafungua mtoto wa kike, mdogo, ana ubuyu wa rangi mdomoni... hapana, nisitie chumvi, yalikuwa maziwa tu. Hata hakumtazama miguu.

"Vua viatu," mtoto akasema, kwa Kiswahili safi. "Zulia linaumia."

Mama Mazulia akaweka sanduku chini. Akashika ukuta.

Mwanamke akatokea nyuma ya mtoto, amebeba nguo za kupasi. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, anakitoa polepole.

"Karibu. Wewe ni dada yake?"

"Dada wa nani?"

"Wa baba wa mtoto huyu. Dada yake tunaongea naye kwenye simu."

Mtoto akaruka. "Wewe ni shangazi wa kwenye simu?"

Wifi. Wifi aliyecheka mpaka akakohoa. Wifi aliyekuwa anakula kwake kila Jumapili.

"Hapana, mama," Mama Mazulia akamjibu mtoto. "Mimi naosha mazulia."

"Nani huyo mlangoni?" Sauti ilitoka jikoni, na mwenyewe akaifuata, taulo begani. Akasimama kama lifti iliyokatikiwa umeme.

"Mke wangu," likamtoka.

Mwanamke mwenye nguo za kupasi akamgeukia.

"Afadhali umekumbuka," Mama Mazulia akasema.

"Umefikaje?"

"Kwa ndege, kwa treni, na kwa soksi."

"Mbona hukuniambia unakuja?"

"Ningekwambia ungeficha viatu."

Akajaribu kusogea, akasimama tena. "Ningekueleza. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Miaka yote hii haikupatikana hata moja?"

"Nilijua utaumia."

"Kwa hiyo ukaona niumie kwa mkupuo."

Yule mwanamke akaweka nguo kitini. "Wewe ulisema mliachana," alimwambia mwanamume. "Ulisema zamani."

Mwanamume alikuwa ametazama chini, na chini kulikuwa na zulia.

"Tulisema tusubiri urudi ndiyo tuzae," Mama Mazulia akasema. "Mimi nikasubiri. Watu wananiuliza mtoto, nawaambia baba yake yuko njiani."

"Nisamehe."

"Subiri. Nikuulize moja, unijibu kama mtu mzima. Tiketi yako ya kurudi ninayo mimi. Nimekuja kukuchukua. Unakuja au huji?"

Mtoto alikuwa amemshika baba yake suruali. Baba akamtazama, akamtazama mama wa mtoto, akarudi kulitazama zulia.

"Mtoto bado mdogo," akasema.

Likawa ndilo jibu. Mama Mazulia aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akashika sanduku. Mazoea nayo yana ukaidi wake, maana jicho lilishaliona doa la maziwa karibu na mlango, na hakuweza kuliacha.

"Hapo usitie maji ya moto," alimwambia yule mwanamke. "Yatalikausha ndani. Tumia ya baridi."

Mwanamke akaziba mdomo kwa mkono, akaanza kulia. Akakimbilia nje, akainua viatu vyake vya visigino vifupi, akamwekea mbele.

"Vaa. Tafadhali. Nje baridi."

"Hapana, mdogo wangu. Vya kwako utavihitaji mwenyewe mbele ya safari."

Akaenda zake. Nyuma yake mumewe akatoka mlangoni.

"Subiri. Subiri nivae viatu."

Akachuchumaa kufungua kamba. Alikuwa bado anahangaika na cha kwanza lifti ilipojifunga.

Mvua ilianza njiani. Aliposhuka stesheni soksi zilikuwa zimelowa na miguu haina tena habari. Akatembea kufuata ukuta mpaka kwenye benchi lile, bila kutegemea kitu.

Viatu vilikuwepo. Mtu alikuwa amevitoa sakafuni na kuvipandisha juu ya benchi, akavitandikia kipande cha boksi chini na kuvifunika kwa mfuko wa nailoni visiingie maji. Visigino pamoja, ncha zikitazama nje, vilevile alivyovipanga.

Akakaa pembeni yake, akalia, wala hakujali nani anamtazama. Simu ikaita. Wifi.

"Wifi, nisikilize, mimi nilitaka tu..."

"Usiseme kitu, shangazi."

Wifi naye akaanza kulia.

"Uko wapi sasa?"

"Stesheni. Viatu nimevikuta."

"Na kaka?"

"Watu wasionijua wamenitunzia viatu, wifi. Hata mvua haikuvigusa."

"Nakuuliza kaka, mnarudi wote?"

"Nimekwambia nilichokikuta."

Akakata simu. Akavua soksi zilizolowa, akavaa kimoja, akavaa cha pili. Treni ya kwenda uwanja wa ndege ikafika, mlango ukajifungua wenyewe, zulia la bluu likamtazama. Mama Mazulia akaingia na viatu vyake miguuni.